Uchambuzi wa kisa: pikipiki ya kilomita 46,000 na wiki 18 za baridi

Pikipiki ya kisa hiki ni ya silinda mbili, ujazo wa sentimita 650 za mchemraba, ya injekta, haina ABS, ina umri wa miaka 9 na imetembea kilomita 46,000. Hulazwa gereji barafu na chumvi zinapoanza barabarani, na hutoka tena baada ya wiki 18 hivi. Mwenyewe alikuwa na orodha ya mambo matano ya kufanya kwenye muda huo: springi mpya za shokapu za mbele, paipu za breki zilizosukwa waya wa chuma, gripu za joto, balbu ya LED kwenye taa kubwa, na mnyororo mpya wenye sproketi ya mbele iliyopungua jino moja.

Ukiitazama vizuri, yote matano ni manunuzi. Hakuna hata kipimo kimoja. Na pikipiki yenyewe ilikuwa na malalamiko yake ambayo hayamo humo: shokapu ya kushoto ina duara la mafuta kwenye bomba, usukani unajitafutia katikati kama unaoingia kwenye tundu, mafuta ya breki yana rangi ya chai ya rangi, na hakuna kumbukumbu yoyote kwamba tapeti, yaani nafasi ndogo inayoachwa juu ya kila vali, zimewahi kurekebishwa, ingawa kitabu cha pikipiki kinataka zikaguliwe kila kilomita 24,000.

Msimu uliotangulia ulikwisha vibaya kwa sababu hiyohiyo. Wiki za mwanzo ziliishia kwenye mapambo, tapeti zikaachwa za mwisho. Kifuniko cha vali kilipofunguliwa zilibaki siku 10 kabla ya safari ya kwanza. Vali mbili za kutolea moshi zilikutwa zimebana, shimu (visahani vyembamba vya kurekebisha nafasi hiyo) za kipimo kinachohitajika hazikuwepo, gasketi ikachanika, na kila kitu kikafungwa kilivyokuwa kwa gundi ya gasketi. Tatizo hapo halikuwa uvivu. Miezi ya baridi huonekana mirefu, lakini sehemu kubwa yake huenda kwenye kungoja vipuri, na huwezi kuagiza kipuri ambacho hujajua kama unakihitaji. Kwa hiyo mpango mpya uligeuzwa kichwa chini: kwanza kulaza, pili kupima kila kitu, tatu kuagiza kwa mkupuo mmoja, kisha ndipo spana zianze kazi kubwa.

Kulaza, siku ile ile ya safari ya mwisho

Pikipiki ilioshwa kwa maji mengi yasiyo na presha kali, hasa chini ya injini, nyuma ya rimu na kwenye viungo vya mkono wa gurudumu la nyuma, kwa sababu chumvi hufanya kazi yake kimya kimya wiki zote hizo. Tangi lilijazwa hadi karibu na shingo. Tangi la chuma lenye nafasi tupu huvuta hewa yenye unyevu kila joto linapopanda na kushuka, maji yanatua ukutani na kutu inaanza. Dawa ya kutunza petroli iliwekwa kabla ya kujaza ili ichanganyike, halafu injini ikaachwa iungurume dakika 10. Dakika hizo si za hiari: bila hizo dawa inabaki tangini, na petroli iliyomo kwenye pampu na injekta inazeeka kama kawaida. Mwenye kabureta afunge koki na kumwaga bakuli zake.

Oili ilibadilishwa hapo hapo, injini ikiwa ya moto, pamoja na filta. Wengi huibadilisha mwisho wa baridi wakidhani ndiyo kuanza upya, kumbe oili chafu ina maji na asidi zitokanazo na mwako, na hizo ndizo hutakiwi kuziacha zikilalia beringi kwa miezi minne. Na kuwasha injini dakika tano kila Jumapili "ili isikae bure" kuna madhara kuliko kuiacha. Oili haifikii joto la kukausha maji, mvuke unatua ndani ya injini na kwenye eksozi, na betri inatoa umeme mwingi kuliko inaorudishiwa.

Betri ilipimwa baada ya kupumzika usiku mzima: volti 12.5. Betri nzima ya asidi iliyojaa husoma takriban 12.8. Ilitolewa, waya hasi ukianza, ikawekwa kwenye chaja ndogo ya ampea 1 inayojizima yenyewe. Betri iliyojaa haigandi kwa baridi ya kawaida, ila iliyokufa huweza kuganda nyuzi chache tu chini ya sifuri na kupasuka. Kwa betri ya lithiamu masharti ni mengine: haichajiwi ikiwa chini ya nyuzi 0, na chaja yenye hatua ya kuondoa salfeti haifai kabisa kuunganishwa nayo.

Tundu la eksozi liliwekewa wavu wa chuma kuzuia panya, ukafungwa utepe mwekundu unaofika hadi kwenye usukani. Bila utepe, wavu husahaulika.

Wiki ya kwanza na ya pili: kupima

Mnyororo wa 520 una hatua ya milimita 15.875, sawa na 525 na 530. Kinachotofautiana ni upana. Hatua 20, yaani pini 21, mnyororo ukiwa umenyooshwa, zinatakiwa kuwa milimita 317.5. Huu ulisoma 320.1, wakati kikomo cha pikipiki hii ni 319.4. Kibaya zaidi, gurudumu lilipozungushwa, ulegevu ulibadilika kutoka milimita 22 hadi 41. Hizo ni oringi zilizokauka na viungo vilivyoganda, na hakuna kukaza kutakakoziponya.

Diski za mbele zilikuwa na milimita 4.7, kikomo kilichogongwa mhuri juu yake ni 4.5. Zitamaliza msimu mmoja, zipimwe tena. Tairi la nyuma lilikuwa na msimbo 1419, yaani lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2019, na katikati limebakiza milimita 1.8. Halikuagizwa wiki hiyo: tairi jipya halina sababu ya kuzeekea rafu, lilipangiwa wiki ya 14 ya mpango.

Kipimo kilichobadilisha orodha kuliko vyote ni mbonyeo wa mbele. Mwenyewe alikaa na mavazi yake yote ya safari, mtu wa pili akishika pikipiki wima, wa tatu akipima. Shokapu zilibonyea milimita 52 katika mwendo wa 130. Kwa barabara lengo huwa 30 hadi 40. Kukaza skrubu ya juu kungepandisha mbele, lakini springi ingebaki laini vilevile. Unahamisha pale inapoanzia tu. Kwa hiyo springi zilikuwa na haki ya kuwemo kwenye orodha, na uzito halisi wa mwendeshaji ndio uliotumika kuzichagua.

Tapeti zilipimwa wiki ya pili, injini ikiwa haijawashwa kwa siku kadhaa. Kitabu kinataka milimita 0.15 hadi 0.21 kwa vali za kuingiza na 0.22 hadi 0.31 kwa za kutolea. Za kuingiza zilisoma 0.16, 0.17, 0.17 na 0.15. Za kutolea 0.21, 0.19, 0.23 na 0.24.

Mwelekeo huo ni wa kawaida kwa injini za shimu chini ya kikombe. Vali na kiti chake vinalika, vali inapanda, nafasi inapungua. Kwa sikio hutajua, kwa kuwa vali inayobana hainong'oni hata kidogo. Inayogonga ndiyo inayosumbua watu, na ndiyo yenye hatari ndogo. Vali ya kutolea humwaga joto lake kwa kugusa kiti. Isipokaa sawasawa joto halina pa kwenda, na ukingo wake unaungua.

Hesabu ya shimu

Kanuni ni fupi: shimu mpya ni shimu ya zamani, jumlisha nafasi uliyopima, toa nafasi unayoitaka. Kosa ni kutaka katikati. Kwa kuwa nafasi za injini hii zinazidi kubana, lenga upande wa juu wa kipimo ili ukaguzi ujao ukukute bado ndani.

Vali iliyosoma 0.19 ilikuwa na shimu ya 2.75. Lengo 0.28: 2.75 + 0.19 − 0.28 = 2.66. Shimu huuzwa kwa hatua ya 0.05, hivyo 2.65, na nafasi itakuwa 0.29. Iliyosoma 0.21 ilikuwa na 2.70: jibu ni 2.63. Ukichukua 2.60 unafika 0.31, ukingoni kabisa, 2.65 inatoa 0.26, ikachaguliwa hiyo. Ya kuingiza iliyosoma 0.15 bado ilikuwa halali, ila kuifunga hivyo kwa kilomita 24,000 nyingine ni kujidanganya. Shimu yake 2.50, lengo 0.19, hesabu 2.46, ikawekwa 2.45.

Namba iliyoandikwa kwenye shimu ya zamani isiaminiwe. Ipime kwa mikromita, kwa sababu maandishi hufutika na fundi aliyetangulia huenda aliisugua.

Kwenye kufungua, mambo yanayoharibu injini ni machache na yanajulikana. Kikazio cha mnyororo wa kamshafti kinatolewa kwanza, na kuanzia hapo krankishafti haizungushwi. Mnyororo unafungwa waya usitumbukie, na shimo lake linazibwa kwa kitambaa. Shimu moja ikidondoka humo, kazi ya saa tatu inakuwa ya siku tatu. Vishikizo vya kamshafti vinalegezwa kidogo kidogo kwa kupishana, robo mzunguko kila bolti. Vishikizo hivyo vilichongwa pamoja na kichwa cha injini, havinunuliwi kimoja kimoja. Ukikipasua kimoja umepoteza kichwa kizima. Wakati wa kurudisha, kijiti cha kikazio kirudishwe ndani kabisa kabla ya kufunga bolti zake. Wanaokirudisha kikiwa kimetoka hukaza mnyororo kupita kiasi tangu dakika ya kwanza.

Baada ya kufunga, krankishafti izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili, polepole. Ikigota popote, simama usilazimishe: alama za kamshafti zimeruka jino. Ikizunguka bure, pima vali zote nane upya kabla kifuniko hakijarudi. Gasketi ya kifuniko ilikuwa mpya, na gundi ilipakwa kwenye pembe za nusu mwezi pekee. Gereji ya nyuzi 5 huchelewesha gundi hiyo kukauka, hivyo iliachwa siku mbili.

Tangi na boksi la hewa vikiwa bado nje, plagi na filta ya hewa vilibadilishwa, na waya wa gripu za joto ukapitishwa kwenye njia yake. Hapa ndipo mpango unapookoa muda: kazi zinapangwa kwa kile kinachofunguliwa, zikipangwa kwa mfumo utalitoa tangi mara tatu.

Mbele: kufungua mara moja, kufanya sita

Springi, sili za shokapu, oili ya shokapu, beringi za shingo ya usukani, paipu za breki na beringi za gurudumu la mbele vyote vinadai kitu kimoja: mbele iondoke. Vikafungwa pamoja kama kazi moja ya wiki tatu. Stendi ya nyuma peke yake haitoshi. Shingo ikifunguliwa, pikipiki inahitaji kubebwa chini ya injini au kuning'inizwa kwa mikanda kutoka kwenye boriti. Na kwa sababu hiyo hiyo mbele na nyuma havifunguliwi kwa wakati mmoja.

Kabla shokapu hazijatoka, kuna bolti mbili zinazolegezwa zikiwa bado mahali pake. Kifuniko cha juu kinalegezwa baada ya kulegeza kibano cha juu lakini cha chini kikiwa kimekaza, maana mezani hutapata pa kuishikia. Bolti ya chini inalegezwa springi ikiwa bado ndani: msukumo wake ndio unaozuia fimbo ya ndani isizunguke na bolti.

Bomba la kushoto lilikuwa na kovu dogo la kutu, na hilo ndilo lililokata sili. Kubadilisha sili bila kushughulikia kovu ni kununua uvujaji wa pili. Lilisuguliwa kwa msasa wa 2000 wenye mafuta mpaka ukucha ukapita bila kukwama. Sili mpya ilivishwa juu ya kipande cha mfuko wa plastiki kilichopakwa oili, ili ukingo wa bomba usiuchane mdomo wake. Bushi za ndani zilionyesha shaba chini ya mipako ya Tefloni, zikabadilishwa.

Oili haikupimwa kwa mililita pekee. Shokapu ikiwa imesukumwa chini kabisa, springi nje, na hewa ikiwa imetolewa kwa kupampu mara 10 au zaidi, usawa uliwekwa milimita 110 kutoka ukingo wa juu, miguu yote miwili sawa. Hewa iliyobaki juu ni springi ya pili. Ikipungua, mwisho wa mwendo unakuwa mgumu. Kuhusu uzito wa oili, "10W" ya kampuni moja si 10W ya nyingine. Kinacholinganishwa ni mnato wake kwa nyuzi 40, ambao huandikwa kwenye karatasi ya bidhaa.

Beringi za shingo zilikuwa na mashimo kwenye pete za chini, ndiyo maana usukani ulijitafutia katikati. Pete mpya zililazwa nje usiku wa baridi kali zikanywea, asubuhi zikaingia kwa nyundo nyepesi. Ni mara chache baridi inakuwa msaidizi. Kukaza ni kwa hatua: kwanza kwa nguvu ya kuzikalisha, usukani unapelekwa pembe hadi pembe mara kadhaa, nati inalegezwa, kisha inakazwa kwa kipimo cha kitabu. Usukani uanguke wenyewe pande zote mbili bila kucheza mbele na nyuma. Ikikazwa kupita hapo, pikipiki itayumba kwenye mwendo mdogo kama iliyolewa.

Paipu mbili mpya, kila moja kutoka pampu ya juu hadi kalipa yake, zilihitaji washa za shaba 7: tatu kwenye kiungo cha juu chenye paipu mbili, na mbili kwa kila kalipa. Washa za zamani hazirudishwi. Kabla ya kukaza, usukani ulipelekwa pembe zote shokapu zikiwa zimenyooka kabisa, kwa sababu paipu fupi huonekana inatosha gurudumu likiwa chini. Mafuta ya DOT 4 mapya huchemka kuanzia nyuzi 230. Yaliyonyonya unyevu kiwango chake hushuka hadi 155, na hiyo chai ya rangi ilikuwa njiani huko. Chupa iliyofunguliwa haiwekwi kwa mwaka ujao. Upepo wa mwisho, ule unaoacha mkono wa breki laini, ulitoka kwa kuufunga mkono huo kwenye gripu usiku kucha. DOT 4 hula rangi, maji yawe karibu.

Ekseli ilipokazwa, shokapu zilipampiwa mara kadhaa kabla ya kukaza bolti za kubana. Ukiruka hatua hiyo, miguu inafungwa ikiwa imepinda kidogo, na springi zote hizo mpya zinafanya kazi dhidi ya msuguano.

Nyuma

Nati ya sproketi ya mbele ilifunguliwa mnyororo wa zamani ukiwa bado umefungwa na breki ya nyuma imekanyagwa. Ukishaukata, huna cha kuizuia. Mnyororo wa viungo 114 uliunganishwa kwa kiungo cha kugonga, pini zikipanuliwa hadi kati ya milimita 5.5 na 5.8. Zikipanuka zaidi zinapasuka, zikipungua kiungo kinatoka. Raba za habu na grisi ya viungo vya mkono wa nyuma vilifanywa humo humo.

Jino moja pungufu lilikataliwa. Kutoka 46 kwa 15 kwenda 46 kwa 14 kunaongeza mizunguko ya injini kwa asilimia 7 kwenye mwendo ule ule, mnyororo unapinda zaidi kwenye sproketi ndogo na unaisogelea plastiki ya mkono wa nyuma. Kwa mtu wa safari ndefu, si biashara.

Umeme, na kilichoachwa

Jenereta ya pikipiki hii hutoa ampea 24, karibu wati 336 injini ikiwa kasi. Gripu zinakula wati 42. Zilipewa relei inayoamshwa na waya wa taa ya nyuma, na fyuzi ya ampea 7.5 karibu na betri, ili zisimalize betri ufunguo ukiwa umetolewa. Gripu ya kulia ndiyo ya kuangaliwa: waya wake unazunguka pamoja na mshiko wa mafuta, na ukiwa mfupi au ukinaswa unaweza kushikilia mafuta wazi. Matuta ya plastiki kwenye mshiko yalipigwa tupa, na gundi ikapakwa ndani ya nyumba, si gerejini, kwa sababu nyingi huhitaji joto la chumba. Kipimo cha mwisho ni volti kwenye betri, gripu zikiwa juu kabisa: kwa mizunguko 3,000 isishuke chini ya 13.5.

Balbu ya LED ilifutwa. Kioo cha taa kilichochorwa kwa ajili ya waya mmoja wa halojeni hutawanya mwanga usiotoka mahali pale pale. Mwenye taa huona mweupe mbele yake, anayekuja huona mwali. Nchi nyingi pia haziruhusu.

Wiki ya 17 na 18

Utepe mwekundu ulivutwa, wavu ukatoka. Betri ilirudi, waya chanya kwanza. Upepo wa tairi ulipimwa baridi, breki zikabanwa hadi pedi zikagusa diski kabla pikipiki haijasogea hata mita moja. Baada ya kusukuma pistoni, mkono wa kwanza huwa hauna kitu. Tairi jipya lilipewa kilomita 100 za kona za upole.

Kwenye mguu mmoja wa shokapu kilifungwa kikanda chembamba cha plastiki kuonyesha mwendo uliotumika. Baada ya kilomita 300, zikiwemo breki kali chache, kilisimama kwenye milimita 112 kati ya 130, na mbonyeo wa kukaa ulikuwa 36. Ukaguzi wa kilomita 800 ulikuta beringi za shingo zimelegea kidogo, jambo la kawaida pete zinapokaa, na mnyororo mpya umeongeza ulegevu wa milimita 6. Viungo vya breki vilikuwa vikavu. Nati ya shingo ilikazwa upya, mnyororo ukarudishwa kwenye milimita 30 pale unapokaza zaidi, na vipimo vyote vya tapeti vikaandikwa kwenye karatasi iliyofungiwa chini ya kiti.